Jinsi Nilivyookoa Tarumbeta ya Baba

Jumatano, 11 Mei

Balaa! Bwana Pascoal, mwenye kundi letu la tiatri, michezo ya jukwaani ya Kigoa yenye nyimbo, ameleta mpiga tarumbeta mpya. Anaitwa Jovito. Miaka ishirini, anasoma noti, nywele zimejaa mafuta. Baba yumo kundini tangu sijazaliwa. Mimi nimejifunza kutembea katikati ya ngoma na saksafoni. Lakini tangu Kwaresima Baba ana meno ya bandia, na noti za juu zinamponyoka. Kesho Bwana Pascoal atawasikiliza wote wawili ajue nani wa kubaki. Baba anasema liwalo na liwe. Yeye, labda. Mimi nina miaka kumi na minne na nina akili.

Alhamisi, 12 Mei

Aliyelelewa na wapuliza tarumbeta anajua hili: ng'ata kitu kichachu mbele ya macho yao, mate yanawajaa, kazi imekwisha. Nikakaa mbele ya Jovito na mabirimbi kumi na chumvi. Nikang'ata. Nikakunja uso mpaka masikio yakasogea. Jovito akasema, "Dada Ludovina, usile peke yako bwana, nigawie." Akala mawili. Akapuliza vizuri ajabu!

Nilisahau kwamba Baba naye ana macho. Mate yakamjaa, meno yakateleza, tarumbeta ikalia kama nyati aliyekwama shambani kwenye matope. Uamuzi: Jovito tarumbeta ya kwanza. Baba ya pili, kwa sikukuu ya kanisa tu. Kuhusu msimu wa maonyesho mjini Margao, Bwana Pascoal akamwambia Baba, "tutaona, Caitan, tutaona." Mama aliuliza nani alileta mabirimbi. Nikasema sijui. Chumvi ilikuwa kidevuni.

Ijumaa, 13 Mei

Nimemchukia Jovito kutwa nzima. Kazi ngumu, ana adabu. Alimchotea Mama maji kisimani bila kuombwa. Mwimbaji akiimba wimbo kwa sauti ya chini mara moja tu, Baba anaudaka, kisha anamfundisha Jovito. Anamfundisha! Nikamwambia Baba anajichimbia shimo. Akaniambia nikaoshe sahani.

Jumamosi, 14 Mei

Nimepata. Kidomo! Kile kipande kidogo cha kuwekea mdomo. Bila hicho tarumbeta ni bomba tu.

Jumapili, 15 Mei

Sikukuu. Jovito kala kwetu, nyama ya nguruwe ya siki, sahani tatu. Makasha mawili ya tarumbeta sebuleni: jeusi la Baba, la kahawia la Jovito. Wakati wa sala ya chakula wote wamefumba macho, nikanyoosha mkono kwenye la kahawia. Kidomo kikaingia ndani ya pipa la mchele. Amina.

Saa kumi jioni, uwanja wa kanisa umejaa. Jovito akafungua kasha. Jeusi! Kumbe asubuhi Baba alimpa tarumbeta yake, kwa kuwa sehemu ya kwanza inataka chombo chenye sauti nzuri. Yeye kachukua ya Jovito. Baba akafungua la kahawia. Akatazama. Akapapasa mifuko. Akachungulia mpaka ndani ya ngoma. Kengele ya pazia ikalia.

Akaiweka tarumbeta mdomoni hivyo hivyo bila kidomo, akavimbisha mashavu. Kwa muda wa saa tatu nzima! Hakutoa hata mlio mmoja. Jovito kando yake alipuliza kwa ajili ya wawili mpaka macho yakamtoka. Hakuna aliyegundua. Watu walipiga miluzi, wimbo wa tatu ukarudiwa mara mbili. Bwana Pascoal akaja kumkumbatia Baba. "Caitan wewe! Leo umepuliza kwa ustaarabu, waimbaji wamesikika. Margao unakuja, msimu mzima!"

Nimeshinda! Niliruka. Kisha nikaona uso wa Baba.

Nyumbani hakula. Alimwambia Mama kwamba miaka thelathini amepuliza, na siku aliyosifiwa ni siku ambayo hakusikika. Mama alitaka kucheka, akashindwa. Mimi nililia jikoni, nililia kweli. Nikafukua kidomo, nikakitia kwenye mfuko wa koti lake.

Jumatatu, 16 Mei

Baba amekipata. Kilikuwa na punje ya mchele ndani. Akaitoa kwa kijiti, akaiweka kiganjani mwangu. Heri angenichapa. Nimeapa mbele ya picha ya Bikira Maria: hila basi. Nimekuwa mtu mwingine.

Jioni akaja Jovito. Anasema Baba amemwendea Bwana Pascoal na kumweleza kila kitu. Baba hataki kwenda Margao mpaka asikilizwe upya, peke yake, kesho saa nne asubuhi. Akifaa, sawa. Asipofaa, ataitundika tarumbeta. Jovito anaona ni jambo la heshima, karibu alie. Mjinga huyu! Na yale meno, je?

Jumanne, 17 Mei

Saa tatu na nusu. Bwana Pascoal yuko barazani, chai ya pili. Baba amepindua kitanda, kabati na makoti yote. Ananiita kwa mara ya nne niinuke nimsaidie kutafuta. Nimemwambia mguu umekufa ganzi. Wala si uongo, kidomo ni kigumu sana kukikalia.