Uzinduzi wa Kadi ya Kutojulikana

(Uwanja wa shule, Kasenga, mjini Uvira kando ya ziwa, saa nne asubuhi. Anayesema ni Mheshimiwa Léopold Sévère, Mkurugenzi wa Ofisi ya Ulinzi wa Siri za Raia Mtandaoni. Ameshika megafoni na hotuba aliyoandikiwa na katibu wake, Norbert. Nyuma yake kuna kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cha bluu.)

Bwana mwakilishi wa Meya, ambaye amechelewa lakini roho yake iko nasi. Waheshimiwa mashefu, wakuu wa kartie zote za mji, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. Bwana Padri, Bwana Mchungaji, na wachungaji wengine wote kwa mpangilio wa ukubwa wa makanisa yao. Wafugaji wetu mlioshuka kutoka milimani kwa miguu, wakulima wetu wa Lubarika mlioacha mpunga shambani, mama zangu wauza samaki wa ndagala, vijana wa motari mnaoombwa kuzima injini za pikipiki. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa itifaki haimruhusu mtu kujisahau: nawasalimu kwa jina la konfidansialite, yaani usiri!

(Norbert anapiga makofi peke yake. Watu wanamfuata.)

Asanteni, tena asanteni sana. Ndugu zangu, mtakumbuka kwamba miezi kumi na minane iliyopita, nilipokabidhiwa jukumu hili zito ambalo wengine walilikimbia, nilijiuliza swali moja la kitaalamu: raia wa Uvira, anapoandika ujumbe kwenye simu yake, ni nani anayeusoma? Nikafanya utafiti. Nikagundua kwamba unasomwa na kampuni za mbali, serikali za mbali, na watu wa mbali ambao hata ugali wa muhogo hawaujui. Nikasema hapana! Nikasema, kama lazima ujumbe wa mtu wa Uvira usomwe, basi usomwe na mtu wa Uvira!

(Makofi machache. Sauti ya mwanamke: «Weye utasoma yangu? Utachoka!» Kicheko.)

Sitachoka, mama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mfumo wetu mpya wa kisasa, jumuishi, shirikishi na endelevu, ambao katika stratejia yetu unaitwa Dispozitifu ya Uangalizi wa Jumla, na ambao utapokea ujumbe wote wa raia wote, wa usiku na wa mchana, wa harusi na wa matanga, utaufungua, utaupanga, utaamua upi ni wa siri na upi si wa siri, kisha ule wa siri utaufunga tena vizuri kabisa kama ulivyokuwa. Maana nawauliza, mimi nitailinda vipi siri ambayo siijui?

(Mzee mmoja anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena.)

Nakuja sasa kwenye Kadi ya Kutojulikana. Kila raia anayetaka kutojulikana mtandaoni atafika ofisini kwangu na picha nne za paspoti zilizopigwa masikio yakionekana, atajaza fomu kwa jina lake, jina la baba, jina la mama, kartie, avenyu, rangi ya mlango, namba ya simu na namba ya siri ya kufungulia simu hiyo, na baada ya hapo atapewa kadi yenye picha yake, ambayo ataivaa shingoni popote aendapo, ili kila mtu akimwona ajue kwamba huyu ni mtu asiyejulikana. Hadi jana jioni tulikuwa tumewalinda raia elfu kumi na nne mia sita na kumi na wawili, sawa na asilimia mia moja na tatu ya lengo. Hapa subiri makofi.

(Norbert anakohoa. Makofi yanakuja yamechanganyika na vicheko.)

Mnacheka. Chekeni, furaha ni haki ya raia. Lakini kuna mmoja kati yenu ambaye mimi hanichekeshi. Mnamfahamu kwa jina la Robinet Kavu, yaani bomba lisilotoa maji. Huyo mtu ana ukurasa mtandaoni ambamo hana jina, hana sura, hana adabu. Nilipozindua bomba la maji la Kimanga, aliweka picha ya bomba hilo likiwa limechomekwa kwenye mchanga, halikuunganishwa na kitu. Nilipozindua zahanati ya Lubarika, aliweka picha ya mbuzi watatu wamelala ndani ya zahanati, na akaandika kwamba ndio wagonjwa wa kwanza. Iliniuma. Nasema wazi mbele yenu, iliniuma sana, kwa kuwa mbuzi walikuwa wawili.

(Kicheko kirefu. Motari mmoja anapiga honi.)

Zimeni injini! Ndugu zangu, mimi sina ubaya na Robinet Kavu. Nataka tu kumjua, nimlinde asijulikane. Na njia ipo. Ninyi nyote, kwa sababu umeme wetu ni wa kubahatisha, kila asubuhi mnapeleka simu zenu kuchajiwa kwa Mama Apollinarie wa Kimanga. Simu mia mbili kwa siku zinapita kwenye kabati lake, na ile ya Robinet Kavu imo. Mama Apollinarie, nakuona hapo kwenye benchi la tatu, simama. Mbele ya umma huu nakuagiza utuletee daftari lako la wateja kabla ya saa sita. La sivyo, nyumba yako ya kuchaji inafungwa leo, kabati linatiwa lakiri, na ufunguo unakaa kwangu.

(Kicheko kinakatika. Mama Apollinarie, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani, anasimama. Anaficha mikono ndani ya kitenge.)

(Mama Apollinarie: «Mheshimiwa, daftari iko, lakini haina majina. Muntu analeta simu, ninabandika namba juu yake, yeye ninamupatia kikaratasi yenye namba ile ile. Akirudi na namba, ninamupatia simu. Jina yake siulizi. Ata bwana yangu mwenyewe iko na namba.»)

Huwajui wateja wako?

(«Sura ninazijua. Lakini simu ya nani iko na nini ndani, minye sijafungua ata moja miaka kenda hii, na sitafungua leo. Mukitaka kufunga, mufunge. Watoto wangu wanakula kwa hiyo kabati, lakini mufunge tu.»)

(Watu wananung'unika. Benchi la tatu lote linasimama, kisha la nne.)

Kaeni! Utaratibu! Basi nachukua hatua. Kuanzia dakika hii, kabati la...

(«Ila Mheshimiwa,» anaongeza Mama Apollinarie, «na simu ya kwenu iko mule ndani. Dereva wenu aliileta saa moja. Ilikuwa imezimika kabisa.»)

(Mheshimiwa anapapasa mfuko wa koti. Anapapasa mfuko mwingine. Anamtazama Norbert. Norbert anatazama ziwa.)

...kabati la Mama Apollinarie, nilitaka kusema, ni mfano bora wa ubia kati ya ofisi yangu na sekta binafsi! Hatua ya kulifunga, baada ya mashauriano mapana ambayo nimeyafanya sasa hivi, imeahirishwa kwa muda usiojulikana. Na ikumbukwe kwamba simu ya kiongozi ni jambo binafsi, hakuna mtu mwenye haki ya kuifungua, kuichungulia wala kuuliza nani alimpigia nani, huo ndio msingi wa mradi wetu wote!

(Sauti: «Na ya kwetu?» Makofi yanaanza mwishoni mwa uwanja na kuja mbele kama mvua.)

Asanteni kwa makofi hayo, nimeyapokea kwa niaba yangu. Sasa semeni nami: Siri ya raia!

(«Ni ya raia!»)

Karatasi yangu inasema «ni ya serikali», lakini tuendelee. Kutojulikana!

(«Kwa wote!»)

Namalizia kwa shukrani, ambazo Norbert ameniandikia na ninazisoma kama zilivyo. Namshukuru Mama Aline wa baa ya ufukweni kwa kutuazima friji lake bovu, ambalo leo limesimama chini ya kitambaa badala ya serveri, mashine kuu ya mfumo wetu, na ambalo lirudishwe kabla ya saa nane. Nawashukuru raia elfu kumi na nne mia sita na kumi na wawili, waliohesabiwa kwa makadirio tukiwa garini. Nazishukuru ofisi, mashine na mafundi, ambao Mungu akipenda watakuwepo. Namshukuru pia... Norbert, hii ni nini?

(Norbert: «Ni shukrani, Mheshimiwa. Mulisema niandike yote.»)

(Uwanja wote unacheka mpaka wafugaji wa milimani wanashikana mabega. Mheshimiwa anakunja karatasi na kushusha megafoni, akisahau kuizima, kwa hiyo yafuatayo yanasikika mpaka barabarani.)

Mama Apollinarie. Mama yangu. Mradi wote umo ndani ya simu ile, michoro, picha, kila kitu, hatuna mashine nyingine. Nipatie simu yangu niende.

(«Namba?»)

Namba gani?

(«Namba ya kikaratasi.»)

Kikaratasi anacho dereva, na dereva ameenda Bujumbura! Mama, mimi ni Léopold Sévère! Mji mzima unanijua!

(«Ninajua, Mheshimiwa,» anasema Mama Apollinarie, akiitoa mikono yake ndani ya kitenge. «Lakini kwangu hakuna jina. Murudi na namba.»)