Diski ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe kahamia kwetu, paa lake linaezekwa upya. Kaja na sanduku, mto wake, na laptopu kuukuu aliyopewa na ofisi siku alipostaafu ukunga. Anataka kujifunza kuchapa. Mikono inamtetemeka siku hizi. Mwandiko wake, anasema, umekuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Tukaiwasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: diski haionekani. Papo hapo mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, akapiga simu. Huyu mtu ananusa aibu yangu kwa mbali! Aliposikia habari, akamwambia mama aitupe, Jumamosi atamletea tableti mpya. Nikasema kwa sauti, simu nayo isikie, kwamba ni vumbi tu, Ijumaa itakuwa inaimba. Mama mkwe akataka kuongeza neno. Nikamwambia apumzike, safari imemchosha.

Jumanne, 5 Machi

Bisibisi haionekani. Nimefungua kifuniko cha chini kwa kisu cha siagi. Ndani, pahali pa diski, patupu! Pengo kama la jino. Wizi! Nikakumbuka kwamba mwanyumba alimtembelea mama mwezi uliopita. Furaha iliyonijaa haielezeki. Nikamnong'oneza mke wangu jikoni. Yeye hakunong'ona, alimwita mama yake aje asikie. Mama mkwe akasema ofisi ndiyo iliyoitoa diski, kwa kuwa ilikuwa na habari za wagonjwa, na ndilo neno alilotaka kuniambia jana. Nimeomba radhi. Si kwa mwanyumba. Yeye hajui, na asiyejua haudhiki.

Jumatano, 6 Machi

Muuza vifaa wa nyuma ya posta aliuliza nataka diski ya laptopu au ya kompyuta ya mezani. Nikafikiri. Laptopu ya mama hukaa mezani. Nikasema ya mezani. Nimerudi na kitu kama tofali. Hakiingii. Nimekigeuza. Hakiingii. Mama mkwe akauliza kwa upole kama mtoto katanguliza miguu. Nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka mke wangu akatoka bafuni na povu kichwani kuja kuona kuna nini. Miaka tisa ya ndoa namwogopa mama huyu. Kumbe ana cheko kama la msichana.

Alhamisi, 7 Machi

Muuzaji kanibadilishia. Alikohoa sana. Hii mpya ni ndogo, kama pakiti ya karata. Imeingia! Imeingia na nafasi ikabaki, maana hata fremu ya kuishikilia ofisi iliondoka nayo. Inacheza kama kijiwe kwenye kiatu. Nimekunja boksi la dawa ya meno, nikaikaza. Mama mkwe alinishikia tochi kwa mikono miwili ili mwanga utulie. Haukutulia. Nikajifanya ndivyo nilivyozoea kufanya kazi. Nikawasha. Kioo cheusi! Nikampigia muuzaji. Akasema diski mpya ni nyumba mpya, haina hata kiti, sembuse mwenyeji. Nimpelekee aiwekee mfumo wa kuiendesha, Jumatatu. Jumatatu! Na Jumamosi mwanyumba huyo!

Ijumaa, 8 Machi

Wazo! Diski ya mke wangu ina kila kitu, na yeye ni mwalimu: akirudi kutoka shule Ijumaa haigusi laptopu yake mpaka Jumapili. Sikuiba. Nimehamisha mali ndani ya nyumba ileile. Alipokwenda dukani, dakika chache tu, kazi kwisha. Imewaka! Nimecheza peke yangu sebuleni. Mama mkwe kaichukua chumbani, kakaa nayo hadi chai ikapoa. Mke wangu kanishika shavu, kasema hakujua kama naweza. Moyo umenichoma. Kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanyumba kaja na tableti iliyofungwa utepe. Mke wangu akataka kumwonyesha picha za shuleni, akafungua laptopu yake. Kioo cheusi, maandishi meupe. Nikasema vumbi. Akageuka polepole, akaniambia mtihani wa kidato cha tatu umo humo. Nikautazama ukuta. Ukuta haukunisaidia.

Ndipo mama mkwe akasema nisiguswe. Tangu jana alijua ni diski ya binti yake. Alikuta humo picha tele: mimi nimelala mdomo wazi, mimi na keki iliyoungua, mimi nimembeba mke wangu mgongoni siku mtaa ulipofurika, mimi nimelala tena. Zote kazipiga mke wangu, wala sikujua. Mama akamwambia: "Mwanangu, wewe hunielezi mambo yako. Miaka tisa najiuliza kama unacheka humu ndani. Jana nimejua."

Mke wangu akakimbilia jikoni kutazama chungu ambacho hakikuwepo motoni. Nikamfuata. Kanipiga na kitambaa cha sahani, mara moja, halafu akaweka kichwa begani kwangu.

Sasa uchungu. Mwanyumba alikuwa na flashi yenye mfumo. Kakaa nami sakafuni, kamrudishia mke wangu diski yake, kaipa mpya uhai, kaipachika kwa mama. Kaisifu kadibodi yangu. Kwa dhati! Mtu huyu hata ubaya hawezi kuufanya pale unapohitajika.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kachapa sentensi yake ya kwanza, kwa kidole kimoja. Vidole vinatetemeka, herufi zimesimama wima. Imeandikwa: mkwe wangu ana moyo mkubwa, akili tumwachie Mungu. Mke wangu anataka kuitundika ukutani. Nimeapa mbele yao wote: nisichokijua, sikigusi tena. Wamenipigia makofi, mwanyumba, aliyelala kwetu jana, kwa nguvu kuliko wote.

Jioni gari lake limekataa kuwaka. Akataka kuita fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo? Nimemrudisha ndani akanywe chai na mama. Boneti iko wazi, naandikia juu yake. Kuna kijidude cheusi hapa pembeni, sioni kazi yake.

Nimekitoa.