Hospitali ya Ndama Yenye Mulango Mweupe

Bwana Administrateur, uliyeshikwa na tumbo asubuhi hii na kumutuma karani wako; karani wa Bwana Administrateur; Révérend Père, padri wetu unayesinzia kwa heshima kubwa; mujumbe wa Mwami; ba-masœur wote wawili wa misioni; ba-évolué wenzangu wenye karte ya ustaarabu na wale wanaoingojea; wachungaji, bamaman wenye maziwa na bamaman waliokaukiwa; na ninyi ndama wapendwa, munaosimama na munaoshindwa kusimama: mimi Stanislas, Mukubwa Musaidizi wa Komisio ya Afya ya Ndama, Bukavu na barabara yote ya Walungu, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe! (Makofi. Ndama mumoja anakohoa.)

Asante, ndama. Kikohozi hicho ndicho kilichonileta hapa. Maana nani asiyejua, isipokuwa wale wasiojua, kwamba mikrobi inaingia kwa kitovu kibichi cha ndama aliyelala matopeni, inatembea katika damu bila karte ya safari, inafika kwa viungo, magoti yanavimba kama viazi, halafu inapanda mapafuni na kukaa huko bila kulipa musoro wa serikali? (Kicheko. Karani anaandika.)

Na sisi tulifanya nini? Tulifanya mukutano! Mukutano ukazaa komisio, komisio ikazaa komisio ndogo, na hiyo ndogo, chini ya uongozi wangu usiochoka, ikatoa amri: tangu mvua za kwanza, ndama asilale tena ndani ya nyumba, karibu na moto, juu ya nyasi kavu, namna walivyofanya babu zenu wasiokuwa na hygiène, ndio usafi wa kizungu, kwa sababu ndama wote watalala katika Hospitali ya Kisasa, hii ninayowaonyesha kwa fimbo, yenye mulango mweupe na utepe mwekundu! (Makofi. Sauti ya mwanamuke: "Yangu inalala mu mvua, magoti yote imevimba!")

Nani huyo? Aa, Maman Euphrasie. Karibu, maman, lakini usisogelee mulango, rangi haijakauka. Mabibi na mabwana, huyu maman ana ndama jike mumoja tu, aliyeahidiwa kwa mahari ya kijana wake Alphonse, na wakwe wamesema wazi kwamba ndama kilema hawamupokei, arusi basi. Lakini amri ilipotoka, maman alitii! Akamulaza ndama nje, akingojea hospitali ifunguliwe! Leo ndama anatembea kwa magoti kama mutu anayeenda kuungama. Huo ndio uraia! Kwa takwimu zangu, ndama asilimia tisini na tisa wametii. ("Na wenye walikufa?") Hao walitii mpaka mwisho. (Minong'ono mibaya.)

("Papa Stanislas, dawa iko wapi?") Dawa iko! Tazameni mezani, chini ya kitambaa cha dantela: penisilini, chupa nzima, inayolindwa na infirmier wetu, muganga wa mifugo, Adalbert, aliyevaa koti jeupe kwa shuguli hii. (Umati unasogea. Meza inayumba.) Polepole, jamani! Chupa hiyo ni ya kuonyeshwa! Ni ya photo! ("Piga sindano! Piga sindano!") Muachilie koti yangu! Haya. Kwa uwezo niliopewa, na kwa kuwa shati pia mumelishika, naamuru: Adalbert, muchome ndama wa maman sasa hivi, na kesho tena, na kesho kutwa, mpaka asimame vizuri. (Vigelegele. Sindano inaingia. Ndama anapiga meza teke.) Mumeona nguvu? Raporo nitakayoandika itasema kwamba mugonjwa alianza kupona katikati ya hotuba.

Kwa kumaliza, semeni pamoja nami: Ndama muzima! ("Arudi ndani!") Hapana, jibu ni "Koloni nzima." Tena: Ndama muzima! ("ARUDI NDANI!") Basi, mumejibu kwa sauti nzuri.

Namushukuru Révérend Père, mwenye chupa ile ya dawa, na naomba asiamshwe kabla sijaondoka. Nawashukuru waliotoa rangi, iliyotosha upande mumoja. Na zaidi ya wote, asante sana Maman Euphrasie kwa kutuazima nyumba yako iwe Hospitali kwa ajili ya photo. Photo imepigwa. Shika ufunguo wako, maman. Utepe ukate mwenyewe, uwashe moto, utandike nyasi kavu, umuingize ndama.

(Maman anakata utepe kwa meno. Ndama anaingia wa kwanza.)