Kimea cha Viongozi Kichemshwe

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu wa fedha, chakula watakachokula kitaendelea kumeng'enywa tumboni mwao, ila sasa chini ya uratibu. Huko nyuma shughuli hiyo ilikuwa ikifanyika kiholela. Mtu wa Nzega anakula ugali wake kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, anajilalia zake, asubuhi ugali umeshageuka nguvu ya kulimia. Hakuna kikao, hakuna ripoti, hakuna hata picha ya pamoja. Halmashauri ikasema hapana, hatuwezi kwenda hivyo. Ikaunda Kitengo cha Uratibu wa Mmeng'enyo, ikakipa chumba kimoja, meza mbili na bendera ndogo ya mezani.

Aliyepewa kitengo hicho ni Bwana Benjamini Ngollo, mtoto wa Ziba, msomi wa sayansi ya chakula, mtu mpole asiyegombana hata na mbu. Alipewa kukaimu. Na hapo ndipo penye donda, maana alikuwa amekaimu hadi mkewe Agnetha akawa anamwita Kaimu mbele ya wageni, na wageni wakadhani ni jina la ubatizo. Jamani, kukaimu si kazi ndogo. Kaimu hana gari. Kaimu akikohoa kikaoni, watu wanaendelea kuongea. Viti vyenye mgongo mrefu viko vya kutosha ukumbini, lakini kaimu hukalia kile cha plastiki karibu na mlango, akae tayari kwenda kumwita mtu. Benjamini hakuwa na tamaa ya mali. Alitaka athibitishwe tu, basi, akalie kiti chenye mgongo.

Tumpe haki yake, kazi aliijua. Siku aliyowaelimisha wakuu wa idara, hata waliokuwa wamelala waliamka. Aliwaambia kwamba mwilini mna watumishi wadogo wasioonekana kwa macho, wanaitwa vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake moja tu. Kinachokata wanga hakigusi nyama, na kinachokata nyama hakina habari na mafuta. Kinaudaka mnyororo wa wanga, kinaukata, kinauachia, kinadaka mwingine, na chenyewe wala hakipungui, ndiyo maana kidogo tu kinatosha kwa kazi kubwa. Adui yake ni moto. Joto la mwili kinalifurahia, lakini ukikichemsha kinaharibika umbo, na kikishaharibika umbo hakidaki tena kitu, hata ukikipoza mpaka kesho. Kazi zote hizo za kuvunja na kujenga, usiku na mchana, ukizijumlisha ndiyo unapata umetaboli, na bila umetaboli hata mheshimiwa hawezi kuinua mkono apunge.

Mkurugenzi, Bwana Valentino Shigela, alisikiliza kwa uchungu mkubwa. Aliuliza kama watumishi hao wana barua za ajira. Alipoambiwa hawana, alitikisa kichwa na kusema ndiyo maana watu wanaumwa matumbo.

Haukupita muda ikaja habari kutoka Dodoma: Mheshimiwa Consolatha, kiongozi mkubwa tu, atakuja kijijini Lusu kuzindua kampeni ya Tambua Kimeng'enya Chako. Benjamini akaona mlango umefunguka. Akabuni onyesho, na kwa kweli lilikuwa zuri. Pale Lusu kuna kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Mama Minza, mabingwa wa togwa. Kila mtu wa huku anajua togwa inavyopikwa: unasonga uji wa mtama mzito hadi mwiko unasimama, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie, halafu unatia kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa ukaanikwa. Mle kwenye kimea mna kimeng'enya cha kukata wanga. Unakoroga, na uji uliokuwa mgumu unalegea mbele ya macho yako, unanyweka, na utamu unakuja wenyewe bila sukari. Mheshimiwa angekiona kimeng'enya kikichapa kazi hadharani. Nani asingemthibitisha mtu wa namna hiyo?

Lakini ilikuwa masika, na masika huwa na kipindupindu, na kipindupindu huwa na kamati. Ikakutana Kamati ya Usalama wa Kinywa cha Kiongozi, mwenyekiti wake Mkurugenzi, katibu wake Benjamini. Wakaazimia kwamba chochote kitakachoingia kinywani mwa kiongozi siku hiyo kichemshwe sawasawa. Maji yachemshwe. Uji uchemshwe. Kimea nacho kichemshwe, tena kitokote mpaka kiseme basi.

Msomaji utauliza, Benjamini hakujua? Alijua vizuri sana. Ila yale ya moto na umbo yalikuwa ya kikao cha elimu, na hiki kilikuwa kikao cha usalama, na mtu mstaarabu hachanganyi vikao. Zaidi ya hapo, anayepeleka jina la mtu Dodoma kwa kuthibitishwa ni Mkurugenzi huyo huyo. Benjamini alifungua mdomo. Mkurugenzi akamtazama. Benjamini akapiga mwayo, kana kwamba ndicho alichoufungulia, akaandika azimio.

Kumpigia simu Mama Minza ndiyo ilikuwa kazi. Alipomweleza, yule mama aliuliza kama anaongea na mtoto wa Ziba kweli au simu imeibiwa. Benjamini akajibu kwamba ni maelekezo kutoka juu. Mama Minza akasema sawa baba, kimea cha viongozi kitachemshwa. Akauliza na cha wananchi je? Benjamini akakumbuka kwamba kamati haikugusa vinywa vya wananchi, akasema hicho wapike walivyozoea.

Siku ikafika. Barabara ile ya misafara, waliyopita wapagazi wa zamani na mizigo kichwani, ilipitisha magari meupe na vumbi lake, na wazee kwa vijana wakajipanga uwanjani. Kwaya ya Wamoraviani ikaimba. Mheshimiwa Consolatha akahutubia, akasema nchi yetu ina vimeng'enya vya kutosha, tatizo ni usimamizi. Agnetha alikuwa amekaa mbele na kitenge kipya, anamwombea mumewe kimoyomoyo.

Ikaletwa sufuria ya viongozi. Uji ulikuwa mzito, mwiko umesimama wima. Mama Minza akatia kimea kilichochemshwa, akakoroga kwa heshima zote. Mwiko ukaendelea kusimama. Mshereheshaji akawaambia watu kwamba mabadiliko yako njiani. Kwaya ikaombwa irudie wimbo. Mkurugenzi akaagiza kimea kiongezwe, kikaongezwa, na uji ukazidi kuwa mgumu maana ulikuwa unapoa. Benjamini jasho lilimtoka mpaka suti ikabadilika rangi. Kile kilichomo sufuriani sasa ungeweza kukipigia plasta ukuta.

Na upande wa pili wa uwanja, kwenye masufuria ya wananchi, togwa ilikuwa imeshalegea zamani. Watu walikuwa wanapokezana vikombe, wanaulizana habari za ng'ombe, wanacheka. Harufu ilivuka uwanja mzima hadi meza kuu bila kuomba kibali. Mheshimiwa alikuwa ametoka Dodoma alfajiri na chai ya rangi tu tumboni. Akamwinamia Mkurugenzi, akauliza wale wanakunywa nini. Mkurugenzi akajibu kwamba ile haijakidhi vigezo, ni ya wananchi. Mheshimiwa akameza mate. Azimio lilikuwa limeshasomwa kwenye kipaza sauti mbele ya umma. Hakuna kiongozi ambaye angelivunja akiwa meza kuu, na wapiga picha wamesimama pale.

Mkurugenzi akamwita Benjamini, akamwambia aende akaonje ile ya wananchi alete taarifa. Benjamini akasita, akauliza kwa unyenyekevu kama azimio halimhusu na yeye.

"Wewe ni kaimu," Mkurugenzi akasema. "Kaimu hana kinywa cha kiongozi."

Iliuma, tusidanganyane. Alivuka uwanja ule na aibu ya mtoto aliyetumwa dukani na wenzake. Lakini Mama Minza alipomwona, akapiga goti kidogo, akamjazia kikombe cha plastiki mpaka juu. Benjamini akakinusa. Akakumbuka nyumbani Ziba, mama yake na chungu cha Jumapili baada ya ibada, na machozi yakamlengalenga kwa furaha, mtu mzima. Akakiinua.

Huko meza kuu, Mheshimiwa alikuwa na shida yake. Amekuja kuzindua kitu, na kitu kimegoma. Huwezi kurudi Dodoma mikono mitupu. Akanong'onezana na Mkurugenzi, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba kwa kutambua ubunifu ulioonekana leo, Bwana Benjamini Ngollo anathibitishwa kuwa Mkuu kamili wa Kitengo, kuanzia dakika hii.

Uwanja ukalipuka. Agnetha alipiga vigelegele mpaka kitenge kikamponyoka. Kikombe kilikuwa kimegusa mdomo wa chini wa Benjamini, bado hajakiinamisha, pale mkono wa Mama Minza ulipokuja, taratibu kabisa, ukakichukua.

"Hongera sana, mheshimiwa," akasema. "Hiki sasa si salama kwako."

Akampa mzee mmoja aliyekuwa jirani, mzee akakimaliza papo hapo.

Benjamini akasindikizwa na kwaya hadi meza kuu. Kiti chenye mgongo mrefu kikavutwa, akakaa, na kweli mgongo ulikuwa mrefu. Akakatiwa kwa kisu kipande chake cha ule uji mgumu, kikubwa kuliko vya wengine kwa sababu ndiye aliyepongezwa. Viongozi wote walikuwa wanatafuna huku wanatabasamu kwa ajili ya picha. Togwa ya viongozi ilikuwa inanata kwenye meno na haina ladha yoyote, na kutema mbele ya wananchi haiwezekani.

"Mkuu wa Kitengo," Mheshimiwa akamnong'oneza bila kufungua meno, "tunafanyaje?"

Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu athibitishwe, na aliifanya vizuri. Akamweleza kwamba kwenye mate mna kimeng'enya cha kukata wanga, cha jamii moja na kile cha kwenye kimea. Watafune tu bila kumeza, wavumilie, na baada ya muda utamu utaanza kuja, kidogo kidogo.

Mheshimiwa akamtazama kwa wasiwasi. "Na hicho hamkukichemsha?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kamati haikufika huko."

Basi wakatafuna. Upande wa pili masufuria yalikwisha, watu wakapangusa midomo, wakaagana, wakaanza kurudi makwao kuwahi mifugo. Meza kuu ilibaki pale juani, viti vyote vyenye mgongo mrefu vimejaa, na hakuna aliyethubutu kuhutubia tena.