Gari la Baba na Makopo Ishirini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametoa hukumu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Ikiwa gari la marehemu baba halitawaka, ataondoka nalo. Miaka sita limekaa uani juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mama anasema amechoka kumzika mume yuleyule kila asubuhi akifungua dirisha. Nina mpango. Nitaifungua injini yote, kila boliti kwenye kopo lake, na karatasi ya maelezo. Mafundi hushindwa kwa sababu hawaandiki.

Jumanne, 4 Machi
Makopo ishirini na tisa, yamepangwa barazani. Yanapendeza. Shemeji, mume wa dada, alisimama kutazama, mikono mfukoni. Ana gereji, basi hujiona daktari bingwa. Aliuliza shahada yangu ni ya kitu gani vile. Falsafa, nikasema. Akasema basi niliwashe kwa hoja. Dada alicheka hadi akakaa chini. Msaliti.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi amekuja kututembelea. Nilipokwenda kununua brashi ya waya, aliona baraza ni chafu. Akamwaga makopo yote kwenye beseni, akaosha boliti kwa sabuni, akazipanga kwa ukubwa, ndogo mbele, kama wanafunzi mstarini. Karatasi zangu amewashia jiko. Alisema, mwanangu, vile vitu vilikuwa vinatia aibu. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Shangazi ni baba wa kike.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeifunga injini kwa kumbukumbu. Zimebaki boliti kumi na moja. Shemeji aliuliza kama hizo ni za akiba au za ukumbusho. Nilimweleza kwamba viwanda vya zamani vilikuwa vikizidisha. Shangazi akasema mficha maradhi kifo humuumbua, nimwombe shemeji msaada. Sina maradhi. Nina boliti kumi na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoka dukani, nikamkuta Shemeji ameinama ndani ya boneti, grisi hadi viwiko. Boliti zimebaki mbili. Alinung'unika kwamba baba alimfundisha udereva kwenye gari hili, na hakuwahi kumfokea, hata siku aliyogonga geti. Akaomba nisimwambie mtu. Nimekubali. Kazi itahesabika kuwa yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Lori la vyuma likaja. Mama mlangoni, mikono kiunoni. Nikazungusha ufunguo. Kikohozi. Moshi. Kisha injini ikaunguruma! Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa furaha nikakanyaga mafuta kwa nguvu zote, na sakafu iliyoliwa na kutu ikaachia. Kiti kikatua ardhini, mimi juu yake, usukani juu ya kichwa changu. Kuku wakatawanyika. Mama alicheka hadi akafuta machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Akamwambia mwenye lori aende zake, gari haliuzwi.

Jumapili, 9 Machi
Tatizo ni sakafu tu. Mwenye lori ana gari jingine la aina hiihii: sakafu nzima, injini hamna. Tumebadilishana kwa kitanda changu cha chuma. Analileta kesho, Mama akiwa kazini. Nitalala kiti cha nyuma, kuku wakiridhia. Nitalifungua lote, kila boliti kwenye kopo lake. Nimeshapata makopo arobaini. Shemeji nimemwambia asijisumbue. Shangazi amekubali kubaki hadi mwisho wa mwezi, anisaidie kupanga.