Mipango Yangu ya Kumzuia Sagesse Asiende Antaktika

Jumamosi, 30 Septemba 2006

Pigo! Binti yangu Sagesse amekuja kula mchana, akamaliza majani yote ya muhogo, sombe tamu, akafuta mdomo, akatangaza amepata kazi. Fundi umeme. Nikamkumbatia. Nikauliza wapi. Coventry, mji wa jirani? Akasema Antaktika.

Kituo cha watafiti, kinakaliwa mwaka mzima. Atakaa miezi kumi na minane! Ndege zinatua huko kwenye uwanja wa changarawe kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi. Halafu ya mwisho inaondoka, theluji inafunika uwanja, kati ya watu themanini wanabaki ishirini na mmoja. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Hata jua linaondoka!

Mke wangu Valérie akapiga vigelegele. Msaliti. Mimi nilitabasamu, nikaanza kupanga.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mpango wa kwanza: baridi yenyewe imkatishe tamaa. Nafanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa hapa Aston, Birmingham. Chumba kikubwa, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nikamwomba aniletee chakula, nikamkaribisha ndani, eti aone kazi ya baba yake.

Alivaa sweta jepesi. Akasimama, akasikiliza. Akasema feni ile ina nati iliyolegea. Akamwambia bosi aizime, akapanda ngazi, akaikaza. Dakika ishirini! Mimi nilitoka baada ya nane, masharubu yamekuwa vijiti.

Samatar, mwenzangu kazini, Msomali aliyekulia Nairobi na anayejua kila kitu, akanipa chai. "Mzee Athanase, huyo msichana wako si mchezo. Lakini wewe ni kama kuku amenyeshewa." Akaongeza kwamba amesoma kwenye intaneti, kiangazi cha huko ni kama Januari yetu hapa Birmingham. Sikumwuliza.

Jumatano, 4 Oktoba

Mpango wa pili. Mzuri hadi naogopa kuuandika. Sagesse amehamia kwetu kwa siku hizi za mwisho, mabegi yamejaa sebuleni. Pasipoti yake ilikuwa juu ya meza. Sasa haiko juu ya meza. Iko jikoni, ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, chini kabisa, nimeifunga vizuri kwa plastiki.

Si wizi. Nimeiweka tu. Safari ni Alhamisi ya wiki ijayo. Akikosa safari watachukua fundi mwingine, naye atapata kazi Coventry kama watu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Balaa. Nimerudi kutoka kazini, nyumba imepinduliwa. Magodoro, makabati, hata friji imesogezwa. Nikajifanya natafuta chini ya zulia. Hakuna aliyenishuku, na hilo ndilo lililonichoma.

Sagesse alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini. Sijamwona akilia tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Leo machozi yalishuka bila sauti. "Papa, nilipita mitihani yote. Watu mia mbili waliomba hii kazi."

Nikasema moyoni basi, inatosha. Nikaenda jikoni kuifufua pasipoti. Mfuko wa unga haupo! Valérie akasema amempa Mama Gisèle wa kanisani, ambaye ana wageni. Nikakaa. Hapakuwa na kiti.

Jumamosi, 7 Oktoba

Basi la kwanza hadi Castle Vale. Mama Gisèle akafungua mlango, mikono myeupe hadi viwiko. Kabla sijasema neno akanikabidhi pasipoti, imefutwa safi. Akasema bugali yeye huipika bila pasipoti. Nikaomba asimwambie mtu. Akasema atamwambia Mungu tu. Akanisindikiza hadi kituo cha basi, akinieleza kwamba mtaa wao wote umejengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Sikuhitaji kujua hilo. Si leo.

Nyumbani nikamweleza Sagesse kila kitu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Papa, unaogopa nini?"

Nikamwambia. Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, ndege ndogo ilitua kwenye uwanja wa udongo nje ya Bukavu. Nafasi mbili. Nikampandisha yeye na mama yake, nikawaambia ndege itarudi kunichukua. Haikurudi. Miezi kumi na minne sikujua kama wako hai. Sasa anataka kwenda mahali ambapo ndege hazirudi kwa miezi minane!

Akanishika masikio yote mawili, kama alivyozoea utotoni. "Nilikuwa dirishani, Papa. Nilikuona unapungua, unapungua, mpaka ukawa nukta. Safari hii mimi najua uko wapi, na wewe unajua niko wapi."

Nikaapa. Hila basi, maisha yangu yote.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ameondoka kwa treni ya saa tatu, kuelekea kwenye ndege yake. Valérie alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 2 Novemba

Ametua, baada ya wiki tatu njiani akingoja uwanja ufunguliwe! Samatar amenifungulia imeili, amenionyesha pa kubonyeza. Sagesse anasema changarawe ni laini kuliko barabara za Aston, nyuzi moja juu ya sifuri, pengwini wananuka. Valérie kaisoma mara sita. Nikajibu kurasa mbili.

Jumatatu, 6 Novemba

Si hila. Ni tahadhari. Nilimwandikia mkuu wa kituo kwa siri, nikajiita Daktari Athanase wa Birmingham, kwamba mapafu ya fundi Sagesse hayapatani na upepo, na kichwa kifunikwe daima. Kumbe anwani niliyoipata si ya mkuu. Ni ya kituo kizima!

Sagesse amejibu leo. Barua yangu imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kulia. Kila akitoka kwenda kazini, watu themanini wanamwuliza kama amefunika kichwa. Anasema, Papa, aibu, tafadhali usiandike tena.

Watu themanini! Wote wanamwangalia mtoto wangu!

Kesho namwandikia rubani.