Choo cha Wageni, Mbololo

Jumatatu, 9 Juni
Balaa! Alhamisi wakaguzi wanatoka Nairobi kupima shahada yetu ya afya ya umma. Ikianguka, hatupokei wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mimi kaimu mkuu wa idara nitakuwa kaimu wa hewa. Daktari Rita, msaidizi wangu kwa cheo na adui kwa vitendo, ameshauri tuwaonyeshe mambo yalivyo. Yalivyo! Nilicheka hadi chai ikatokea puani. Hao watataka kuona kijiji kilichobadilishwa na wanafunzi wetu. Basi watakiona.

Jumanne, 10 Juni
Nimempandisha fundi Opiyo kutoka Kaloleni hadi kijijini Mbololo, nyumbani kwa Mzee Josephat, pamoja na vigae vilivyobaki bafuni kwangu. Shimo la choo lilikuwa tayari. Jioni choo kimesimama: mlango wa buluu, sakafu inang'aa! Josephat alivua viatu kabla ya kuchungulia. Nikamsihi akitumie, kisionekane cha maonyesho. Akaniuliza kama niko sawa, kitu kama hicho ni cha wageni. Mtu mwenye heshima sana.

Jumatano, 11 Juni
Nimewakaririsha wanafunzi: wakiulizwa chochote, wataje Mbololo. Namalwa akauliza, hata wakiulizwa dalili za kipindupindu? Hata hapo! Rita alitoka nje. Wivu.

Alhamisi, 12 Juni
Sijui nianzie wapi. Profesa Mbithe, kiongozi wa wakaguzi, alitikiswa vibaya na barabara ya mlimani. Kufika tu, alihitaji choo, tena upesi. Nikamshukuru Mungu! Nikamwelekeza kwenye mlango wa buluu.

Kufuli!

Josephat, amevaa tai, akaeleza kwamba ufunguo anao mkewe Mable, na Mable yuko sokoni Voi. Nikamnong'oneza kwa hasira kwamba hawa ndio wageni wenyewe. Akakubali, ila hakuambiwa kwamba watakuja na haja. Nikaupiga mlango bega. Ndani, magunia ya mahindi hadi juu, na kuku ameatamia. Josephat akajisifu kwamba panya hawatoboi vigae. Profesa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Rita akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya jikoni. Kumbe kuna choo cha zamani cha udongo! Kifuniko kipo, majivu yapo, kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinaning'inia na kipande cha sabuni. Boma zima hukitumia tangu wanafunzi wa Rita wakae huko mwaka jana. Profesa alitoka akikung'uta maji mikononi, anatabasamu. Akamwuliza Namalwa dalili za kipindupindu, naye akazitaja zote. Msaliti.

Ijumaa, 13 Juni
Shahada imepita! Wamekisifu choo cha nyuma ya jikoni mbele ya mkuu wa chuo. Na Rita ndiye mkuu mpya wa idara. Alinishukuru kwa kuwapeleka Mbololo, tena bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimelia kidogo ofisini. Ofisini kwake, sasa. Josephat naye amepiga simu kuuliza kama naweza kumjengea kingine, maharagwe hayana pa kukaa.

Lakini nimelitafakari jambo hili kisayansi. Mpango haukuwa na kasoro. Kilichoniangusha ni mlango, maana penye mlango pana kufuli. Wakaguzi watarudi siku moja, na kiti cha Rita si cha milele. Nimeshaongea na Opiyo. Cha pili tunajenga bila mlango.